Chupa za Juu ya Ukuta

3 Machi

Dada mpendwa,

Hamjambo huko? Shemeji na watoto wazima? Mgongo wangu umepona tangu ule upasuaji wa mwaka jana. Sasa natembea bila fimbo.

Makumbusho ya hapa yanaandaa maonyesho ya viwanda vya bia vya zamani. Nilimweleza msimamizi wao habari za kile cha mtoni kwetu, kilichopika bia misimu michache kabla mafuriko hayajabeba mitambo. Hakuniamini, kwa kuwa hakuna kitabu kinachokitaja. Tafadhali ingia stoo, unifungie zile kreti zangu za chupa, unitumie. Anza na chupa ya kijani yenye picha ya korongo begani na kizibo cha kauri. Sijawahi kuona nyingine kama hiyo popote.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia umetupa fimbo. Sisi tunasukuma siku.

Kuhusu chupa, sijui nianzie wapi, basi nitasema tu: hazipo. Tulipandisha ukuta mwaka jana, mwashi akataka vioo vya kupanga juu. Nikafungua stoo, nikazivunja. Nisamehe.

Dada yako

12 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako tena na tena nikidhani ni utani. Chupa nilizozichimbua kwa mikono yangu kwenye jalala la kiwanda, nikazisugua kwa mchanga mpaka maandishi yakatoka! Hata zile ndogo za kahawia, zenye alama ya mpishi wa bia kwenye kitako? Ukuta gani huo usiotosheka na chupa za soda? Mafuriko yalikiua kile kiwanda, nawe umekizika. Usiniandikie kwa sasa.

20 Julai

Mdogo wangu,

Nimengoja vya kutosha. Barua yako haikuwa na salamu, wala "mdogo wako" mwishoni. Sikulaumu. Lakini hukuuliza kwa nini tulipandisha ukuta.

Wezi waliruka ukuta ulipokuwa umelazwa. Shemeji yako alisimama mlangoni kwa watoto, akakataa kuondoka. Walimkata mkono wa kulia kwa panga; hospitali wakauondoa juu ya kiwiko. Yeye fundi cherehani, na mkono ule ndio uliokuwa unashika mkasi. Nilitaka kukuandikia siku ileile. Yeye ndiye aliyenizuia: "Mwache apone kwanza. Mkono hauoti kwa yeye kujua."

Baada ya hapo kila kishindo kilikuwa wao. Mwashi aliposema vioo, sikuona korongo wala kauri. Niliona vitu vyenye makali.

Dada yako

9 Agosti

Dada yangu,

Niliifungua barua yako nikiwa kwenye ngazi za jengo. Nikaketi palepale, majirani wakawa wananiruka. Mkono wa kulia. Ule ulionishonea koti la safari, nami ninalo mlangoni hapa, siwezi kulitazama. Wakati ninyi mnauguza jeraha, mimi nililia vioo.

Anavaaje shati? Watoto wanapata usingizi? Nani anakaa cherehani? Usinifiche tena, hata niwe mahututi.

Makumbusho nimewaambia sina kitu. Nimepata likizo, nafika mwisho wa mwezi. Mwambie shemeji nitakuja mchana kweupe, na nitaita kwa sauti tangu njiani kabla sijagusa geti, asije akashtuka.

Mdogo wako