Pumzi ya Nani kwenye Mkanda

Jumatatu, 2 Machi 2026
Tumeruhusiwa kutoka kituo cha afya, tuko nyumbani Kasansa. Mwanangu Machibya amevaa mkanda wa majaribio kifuani. Mpira mweusi unaovutika — nesi Hadia anasema umechanganywa na chembe za kaboni ndogo mno, jicho halizioni. Mtoto akivuta pumzi unatanuka, ukitanuka unazalisha umeme wake wenyewe. Hakuna betri, hakuna kuchaji! Kwenye simu waliyotupa mstari unapanda na kushuka. Mstari ukilala sekunde ishirini, king'ora. Watoto njiti husahau kupumua. Nilizika mmoja mwaka juzi. Huyu, hapana.

Jumatano, 4 Machi
Mama mkwe hautaki mkanda. Eti mtoto analelewa mgongoni, sio kwenye simu. Kambeba kwa kanga tangu asubuhi huku anapepeta mchele. Nachungulia simu: mstari safi kabisa! Nikamtania, mama, hata mashine imekukubali. Kacheka. Nimeshona gauni la watu kwa amani.

Alhamisi, 5 Machi
Jioni tulipomshusha mgongoni — king'ora! Midomo ya bluu. Mama yangu wee! Nikampulizia, nikamsugua nyayo mpaka akalia. Na simu muda wote ilisema mzima!
Nikampigia Hadia. Kauliza mtoto alikuwa wapi. Nikamwambia, mgongoni kwa bibi yake. Akasema, dada Lucia, mkanda haujui nani anauvuta. Bibi akipumua, mgongo wake nao unauvuta. Huko ulikotengenezwa watoto wanalazwa kitandani. Hakuna aliyewaza kanga. Hata mimi, akasema, na nilibebwa hivyo hivyo.
Mama mkwe kakaa chini, hajala. Nina hasira naye na ninamhurumia.

Ijumaa, 6 Machi
Tuko kwenye gari la wagonjwa, tunapelekwa hospitali ya Mpanda. Anapumua kwa shida. Hadia kamfunga kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, mkanda wake katikati yetu, kanga mbili juu. Kasema nisimfungue, akipoa tu tumempoteza.
Maji yamekata barabara. Hadia na dereva wako nje wanasukuma. Mvua inapiga bati la gari, sisikii kitu. Naandikia gotini, nikikaa bure nitapiga kelele. Machibya kafumba macho. Ziwa langu halishiki. Simu inaonyesha mstari unapanda, unashuka. Mzuri. Wa nani?
Nimebana pumzi. Mstari umelala.
Umelala.
Umeinuka kidogo! Au ni mimi natetemeka?
Nabana tena —