Nyuzi Tisa

4 Februari

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Mgongo wako je, cherehani bado inakutesa?

Uliniuliza kuhusu somo la kupasua maiti hapa chuoni. Wiki ya kwanza nilitapika hadi nyongo. Sasa nimezoea, tena kupita kiasi: juzi mwalimu alitutoa nje kwa kucheka. Wetu ni mwanamume aliyekosa wa kumzika. Tunamwita Kimya, maana habishani na mtu. Uso umefunikwa, tutaufikia mwishoni mwa mwezi. Chini ya goti la kushoto ana kovu la nyuzi tisa zilizopishana hovyo. Nikawaambia wenzangu, "Huyu alishonwa na fundi wa magunia!" Walivunjika mbavu. Usinikasirikie, Mama. Bila utani pale hapaingiliki.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo acha tu.

Huyo fundi wa magunia ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mjomba wako minane. Bati lilimchana, wazazi wetu wakiwa kazini. Nilimshona kwa uzi wa cherehani, nyuzi tisa, nikilia kuliko yeye. Tangu aende kutafuta kazi ni mwaka wa sita, na mlango ukigongwa bado nakimbilia kufungua nikidhani ni yeye.

Huenda si yeye. Tazama nyusi, zake zimeungana kama zako. Msimguse tena kabla hujatazama. Nakuomba, mwanangu.

Mama yako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana. Ngozi ya uso tuliibandua wiki iliyopita. Kisu nilishika mimi. Niliomba mwenyewe nianze, nisionekane mwoga.

Kila mshipa naukumbuka kwa jina lake. Nyusi sizikumbuki, Mama. Nilimtazama saa tatu nzima na sikuona mtu.

Mwalimu nimemweleza. Anasema ukija ukalitambua kovu, tutapewa tukamzike. Darasani siendi tena. Nigombeze, ila usininyamazie.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili bila kushona hata kitufe. Nilitaka kukuchukia, nimeshindwa. Kukusamehe nako bado sijaweza, sitakudanganya.

Nakuja Jumamosi kumchukua ndugu yangu. Usije kunipokea kituoni. Kaa naye hapo mpaka nifike, asibaki peke yake tena.

Mama yako