Dawa ya Kulala na Fisi

Sabo, Ibadan
9 Mei 1994

Kaka Audu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mgongo unaniuma, mengine salama. Wewe na shemeji hamjambo? Na yule fisi wako mzee, bado anakula?

Fisi wangu Dela mzima. Mchana tunawachezea watu sokoni, usiku tunalala chumba kimoja, yeye kwenye mkeka, mimi karibu na mlango. Kaka, ile dawa ya kuoga iliniishia zamani. Naishi naye hivyo hivyo na hajanigusa. Sasa Kamoru, mtoto wa mwenye nyumba, kanunua fisi mchanga, kamweka sebuleni pamoja na mkewe na watoto. Anataka nimuuzie dawa yetu wasing'atwe. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Tanimu

Kano
27 Mei 1994

Mdogo wangu,

Sote wazima. Shemeji yako anakusalimu, anasema umekonda hata mwandiko.

Umenitisha. Unalalaje na fisi bila dawa? Baba aliingia kwa fisi maisha yake yote kwa sababu ya dawa ile, na mimi vilevile. Nimekutumia chupa kwa lori la vitunguu. Oga kwanza wewe, kisha muuzie Kamoru. Ndiyo kazi yetu.

Kaka yako,
Audu

Sabo
19 Juni 1994

Kaka,

Naomba barua hii ikukute na afya na moyo mpole.

Chupa ilifika. Sikuuza. Nilimwambia Kamoru kwamba Dela nilimlea tangu akiwa kama paka, nikimtafunia nyama, na akilaza masikio namwacha peke yake. Akacheka. "Malam, unaficha ya baba yako. Unataka wanangu waliwe?"

Basi nikaimwaga dawa mbele yake, nikaingia chumbani mikono mikavu, nikamlisha Dela. Kesho yake Kamoru akamrudisha mnyama wake kwa aliyemuuzia. Wenye malori wamesikia, habari zitafika hadi kwa wateja wako. Nisamehe.

Mdogo wako,
Tanimu

Kano
2 Septemba 1994

Mdogo wangu,

U mzima? Mgongo je?

Wateja wa dawa wameacha kuja. Nilikukasirikia hata kalamu sikutaka kuishika. Halafu juzi shemeji yako kaniuliza, "Kwa hiyo siku zote unaingia kwa fisi hivi hivi tu?" Nikamwambia dawa bado ninayo. Nikaoga, nikasimama mlangoni. Fisi mzee akaniangalia kama kawaida. Miguu ikakataa, Tanimu. Sikuwahi kuona meno yake yalivyo marefu.

Nyama namtupia dirishani. Haigusi, kazoea mkono. Amelala kaelekea mlangoni, ananisubiri.

Njoo umlishe.

Kaka yako,
Audu