Nilidhani Nanong'ona

Mwenzangu, uko wapi? Leo nimeumbuka saluni, nilitamani ardhi ipasuke!

Si unajua ile mashine ya kukaushia nywele inavyovuma masikioni? Nimekaa chini yake na rola zangu, msusi ananiuliza habari za mtoto. Nikadhani namnong'oneza. Kumbe napayuka!

Nikamwambia, "Tangu nijifungue, mama mkwe kila siku ni mtoto kanyonya? Mtoto kalala? Mimi hajaniuliza hata siku moja kama nimelala!"

Hajaniuliza kama nimelala!! Saluni nzima imesikia.

Msusi ananikonyeza kama vumbi limemwingia jichoni. Mimi wapi, naendelea tu.

Mara yule mama aliyekuwa anaoshwa nywele kwenye sinki, taulo usoni, akainuka. Ni yeye! Mama mkwe mwenyewe, povu linamchuruzika shingoni!

Akaja, akainua ile mashine kichwani kwangu, akauliza taratibu, "Mwanangu, umelala?"

Nikaangua kilio mbele za watu.

Nywele zimekauka upande mmoja. Sijali, nimekuwa mwepesi kama unyoya.

Sasa yuko na mtoto sebuleni. Usinipigie. Nimeamriwa nilale, na leo namtii bila kubisha.