Kigingi kwa Maman Nabintu

Jumatatu, 5 Septemba 1977

Nimechota maji ndani ya boti asubuhi. Makopo arobaini na mawili. Jana yalikuwa thelathini. Ubao wa kushoto umepasuka, kidole kinapita.

Bandari hii itaniulia boti. Kila meli kubwa ikigeuka, wimbi linakuja, boti inapiga ukuta, inarudi, inapiga tena. Wenye meli hawageuzi hata shingo. Tuna wiki tatu tangu tushuke kwenye lori kutoka Kindu. Miaka tisa juu ya mto Lualaba boti haikupata jeraha, leo inavuja kama kikapu.

Lazima nipate mahali pengine. Mke wangu Nsimire ana kazi yake. Ualimu ndio uliotuleta Bukavu, karibu na kwao Walungu. Kazi yangu mimi ni kubeba watu na magunia kwa boti hii. Ikizama, nitabaki mume wa mwalimu, basi.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimekwenda mtaa wa Nguba, kwa miguu. Mkubwa mmoja ana bustani inayoshuka mpaka ziwani na gati la saruji, safi kabisa. Alinipokea vizuri, abakosti yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka mgongoni. Anakubali nifunge boti kwake. Ila kila Jumapili boti ni yake, na mimi ndani yake, kuwavuta watoto wake kwa kamba wakiteleza juu ya mbao.

Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri.

Jumapili, 11 Septemba

Nimepata.

Baada ya misa nilifuata ufuko mpaka pale ziwa linapojibana na mto Ruzizi kuanza. Upande wetu, mbali kidogo na daraja la mpakani na wanajeshi wake, chini ya shamba la maharage na migomba, kuna kihori kidogo cha maji. Nilitupa jani majini. Likaenda taratibu, bila kuzunguka. Nikatupa lingine. Nilikaa pale nusu saa kama mchumba.

Ziwa silielewi. Maji yamesimama, halafu upepo unatoka popote na boti inazunguka kama mbuzi kwenye kamba. Mto una adabu, unakwenda upande mmoja. Ukifunga boti mtoni unajua pua yake itatazama wapi kesho. Hawa watu wa ziwa wananicheka nikisema hivyo. Wacheke.

Mwenye shamba ni mjane, Maman Nabintu. Alinitazama kama mtu wa kodi. Anaongea Mashi, lugha ya hapa, mimi sijui Mashi. Niliinama, nikatabasamu, nikaondoka.

Jumatano, 14 Septemba

Leo nilikwenda na Nsimire. Waliongea Mashi saa mbili nzima. Mimi nilisikia jina langu tu, na kila nilipolisikia walicheka.

Amekubali. Nsimire amenieleza njiani mara mbili, kwa sauti ya darasani. Tumepewa bwasa. Maana yake ni ruhusa ya muda, mpaka kiangazi kijacho, na malipo yake ni mtungi wa kasiksi, pombe yao ya ndizi. Mwenye bwasa anatumia mahali lakini hapandi kitu kinachodumu. Si mgomba, si kahawa, si mti wowote. Ukipanda mti umesema ardhi ni yako.

Kwa huyu mama jambo hili ni zito. Marehemu mume wake alitoa kalinzi, yaani ng'ombe kwa mwami, mtawala wa kimila, ndipo akapata shamba. Aliacha mabinti wawili, hakuacha mwana wa kiume. Shemeji yake, Baguma, anasema ardhi ni ya ukoo na anatafuta sababu tu ya kuichukua. Mama akionekana ameigawa kwa mgeni, sababu imepatikana. Atatoka na mabinti wake na sufuria kichwani.

Nilimwambia Nsimire asiwe na hofu. Mimi na jembe hatujuani.

Jumamosi, 17 Septemba

Asubuhi salongo, kazi ya lazima, mtaa mzima tunazibua mitaro. Mchana nimehamisha boti.

Nilihitaji kigingi cha kufungia. Nilikuwa natafuta bomba la chuma nikakosa. Akapita Baguma mwenyewe. Nilitegemea jitu la fitina. Kumbe ni mtu wa watu, anacheka, aliwahi kufika Kindu, anajua hata soko letu la samaki. Akasema nisihangaike. Akarudi na gogo limekatwa saa ile ile, nene kama paja, linatoa utomvu mweupe. Kule Lualaba pia tunatumia mti mbichi, maana mkavu unapasuka ukiupiga nyundo. Nililichonga ncha, yeye akashika, mimi nikapiga. Maman Nabintu alikuwa sokoni.

Boti imetulia. Pua juu ya mkondo, kamba imenyooka. Nina furaha ya kijinga.

Jumatatu, 19 Septemba

Makopo mawili.

Jumapili, 2 Oktoba

Mvua zimeanza kweli. Nimeziba ubao kwa pamba na lami, umeshika. Safari tatu wiki hii, mbili Birava, moja kisiwani Ibinja.

Maman Nabintu amenizoea. Mvua ikimkuta shambani anaweka jembe lake ndani ya boti, chini ya turubai, bila kuniuliza. Jana alinipa viazi vitamu vya moto ndani ya jani. Ananikaripia kwa Mashi nami najibu kwa Kiswahili, kila mtu anaongea ya kwake. Boti nyingine ikipita anasimama, mkono juu ya macho, anaikagua mpaka ipotee. Hata mtumbwi. Hata bata. Nsimire anasema amekuwa hivyo tangu afiwe. Kila anayekuja, kwake ni anayekuja kuchukua.

Alhamisi, 20 Oktoba

Kigingi kimeota majani. Manne, ya kijani, yanang'aa. Nilicheka peke yangu mtoni. Jioni mezani nikamsimulia Nsimire kama kichekesho.

Akaweka kijiko chini.

"Ule muti, nani alikupa?"

"Baguma."

Hakula tena. Alinieleza polepole. Mti ule wa utomvu mweupe ndio watu hapa wanaupanda kwenye mipaka ya viwanja vyao. Unakata tawi, unachomeka, unaota. Kila Mushi, mtu wa kabila la hapa, anajua. Mwanamke wangu ni Mushi, lakini hakuwahi kushuka mpaka majini kuona nimefunga kwenye nini. Mimi niliyeona sikujua. Mgeni kipofu, hata akiwa na macho.

Nitaling'oa gogo kesho mapema.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimechelewa. Nimemkuta Baguma pale na binamu zake wawili na kapita, msimamizi wa mtaa. Wameshahesabu majani. Kapita ameniambia nisiguse chochote mpaka Alhamisi, atakapokuja mzee anayesimamia ardhi kwa niaba ya mwami.

Maman Nabintu alikuwa mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza aongee Kiswahili nami. Kumbe anakijua.

"Papa, nilikupatia maji ya kufunga bwato. Sasa njo unanipandia muti?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumatatu, 24 Oktoba

Baguma alinifuata kwenye boti mchana. Alikaa kwenye benchi la abiria, akasifu motere, injini yangu, akaja kwenye neno lake.

"Siku ya Alhamisi useme tu mama alikupatia fasi ya kudumu. Basi. Siye hatuna shida na weye. Utabakia hapa, utajenga hangari, bwato yako italala kavu. Bamama banakufaka, bwato ni ya siku zote."

Nikamuuliza mabinti je. Akasema mabinti wanaolewa.

Mtu huyu alishika gogo kwa mikono yake miwili huku nikipiga nyundo. Alikuwa anatabasamu. Namchukia.

Jumanne, 25 Oktoba

Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Nimelifikiria neno la Baguma.

Nimewaza hangari. Nimewaza mabati, nguzo nne, motere juu ya mbao, mvua inapiga juu na mimi chini kavu. Nimewaza bandari na ule ukuta. Ubao ule hautavumilia ukuta mara ya pili. Nimejiambia mama huyu si ndugu yangu, si wa kabila langu, nimemjua wiki sita. Nimejiambia ukoo utamchukulia tu, leo au mwakani, hata nisiposema neno.

Yote haya nimeyawaza huku nikila kiazi chake cha jana. Aliniletea hata baada ya yale. Aliweka kwenye benchi, akaondoka bila kunitazama.

Alhamisi, 27 Oktoba

Imekwisha. Niandike kabla sijaanza kuipamba.

Mzee wa mwami alikuja na fimbo na viatu vya mpira. Watu walikuwa wengi, mpaka watu wa mbali. Akaniuliza swali moja tu, nani alipanda mti huu. Nikasema nilipiga kigingi, sikupanda mti. Nikasema gogo alinipa Baguma. Baguma akajibu alimpa mgeni kuni, mgeni alikozichomeka si juu yake. Watu wakacheka. Jibu zuri, lazima nikiri.

Mzee akauliza kama mama alinipa ardhi. Baguma akanitazama. Nikasema alinipa bwasa, maji tu, kwa mtungi mmoja wa kasiksi, na mke wangu ni shahidi. Mzee akasema maneno ni maneno, lakini mti uko pale umesimama.

Nikauliza, "Na nikiung'oa?"

Akatikisa kichwa. Akasema mwenye kung'oa mti wake mbele ya watu hana tena mguu pale. Si yeye, si kitu chake, si kwa bwasa wala kwa urafiki. Akaniuliza kama nimesikia. Nsimire akayarudia maneno yale polepole, ingawa nilikuwa nimesikia. Alitaka nipate muda.

Nilifungua boti kwanza. Nikampa mtu mmoja ashike kamba. Halafu nikakumbatia gogo nikavuta. Halikutoka. Wiki sita tu, na lilikuwa limeshajishikiza chini. Nilivua viatu, nikaingia matopeni mpaka magotini, nikalitikisa kushoto, kulia. Lilipotoka nilianguka kwa makalio na mti juu yangu. Watoto walipiga makofi. Chini lilikuwa na mizizi myembamba, myeupe.

Nikiwa matopeni nikasema sina kitu hapa. Sikuwahi kuwa na kitu hapa.

Mzee akamwambia Baguma arudi nyumbani. Hakuna mti, hakuna mgeni, hakuna shauri. Shamba ni la Maman Nabintu na wanawe, kama kalinzi ilivyosema.

Mama hakupiga kelele za furaha. Alikwenda kuleta maji kwenye beseni, akaniosha miguu yote miwili mbele ya watu, bila haraka. Kisha akanielekeza ziwani kwa kidole. Nilikuwa sina ruhusa tena ya kukanyaga pale, na yeye ndiye wa kwanza kutekeleza neno la mzee.

Ijumaa, 28 Oktoba

Bandari. Makopo kumi na tisa.

Jumapili, 13 Novemba

Nimening'iniza mipira minne ya magari ubavuni. Inasaidia kidogo. Nimebadilisha ubao mmoja, wa pili unangoja zamu. Mwenye meli amenitukana kwa Kilingala kwamba nimeziba njia. Nikamjibu kwa Kikusu, lugha ya kwetu. Tumeelewana.

Nina hasira asubuhi, zinapungua mchana. Nsimire haniulizi. Jana alishika kopo akachota na mimi kabla ya kwenda shule, na nguo yake ya darasani.

Alhamisi, 1 Desemba

Ziwa tulivu. Abiria sita, mmoja wa kushukia karibu na mwanzo wa Ruzizi. Ilikuwa mara ya kwanza nipite pale.

Nilipofika mbele ya shamba nilipunguza motere mpaka boti ikawa inatambaa, maana wimbi langu lingekula udongo wa ufuko. Bibi mmoja akauliza kama essence, mafuta ya motere, imeisha. Nikamwambia hapana.

Maman Nabintu alikuwa anapalilia maharage pamoja na mabinti wake, karibu kabisa na maji. Motere yangu ina kelele, mtu anaisikia toka mbali. Hakusimama. Hakuweka mkono juu ya macho, kama anavyoweka hata kwa bata. Aliendelea kupalilia, mgongo kwetu, mpaka tukapita.

Nikaongeza motere. Tulifika kabla ya saa nne.