Mama, Hatimaye Umezaliwa

Mpendwa Mama,

Ni kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha ghafla cha chanuo lako la mbao, kilichotokea Jumamosi saa nne asubuhi hapa nyumbani Bahati, baada ya mapambano mafupi na manyoya ya kondoo. Marehemu ameacha meno matano na mpini. Hakutakuwa na ibada. Aliyekuwa naye dakika za mwisho ni mjukuu wako Neema, ambaye alitaka kondoo apendeze, na aliyenijia akiwa ameficha ushahidi mgongoni: "Baba, usikasirike, lakini kondoo ako sawa."

Sikukasirika. Chanuo lile lilivumilia kichwa changu utotoni, na kichwa changu unakijua. Kwa Neema halikuwahi kupata kazi. Lilipita kwenye nywele zake kama kijiko kwenye uji mwepesi, likatokea upande wa pili bila habari yoyote. Mimi ni kinyozi, nimenyoa Nakuru mjini miaka kumi na miwili, na kichwa cha mtoto wangu mwenyewe kimenishinda. Wewe hukushindwa haraka. Mistari uliyomsuka Jumamosi ilifunguka yenyewe Jumapili kabla ya sadaka, ukasema, "Hizi nywele hazina adabu," na Jumamosi iliyofuata ukaanza tena.

Nakumbuka siku tulipokuletea. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mimi na Wairimu tulikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto, na miwili kati ya hiyo tulikuwa tunajaza fomu. Habari yake ulikuwa nayo: aliachwa kwenye zahanati kule Mai Mahiu, wakati reli inajengwa, na aliyemtazama hakuhitaji kuambiwa kwamba baba yake alikuwa mmoja wa mafundi waliotoka China. Ulimpokea, ukamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua kabichi, ukaketi.

"Mtoto ni mzuri," ulisema. "Lakini huyu hawezi kuwa mimi."

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Kwetu majina yana foleni. Msichana wa kwanza hubeba jina la mama ya baba yake, na watu husema shosho, yaani bibi yake, amezaliwa upya. Wa pili hubeba jina la mama ya mama yake. Mimi ndimi mtoto wako wa pekee, kwa hivyo ulingoja kwangu tu. Kila tulipoenda harusi uliniuliza mbele ya watu, "Na mimi nitazaliwa lini?" Halafu zamu yako ikafika, ukaipisha. "Mwacheni na hilo jina alilopewa na manesi. Mimi nitangoja mwingine, mwenye sura ya watu wetu." Nami nikanyamaza. Huko kunyamaza ni kosa langu, silisukumi kwako.

Kwa sababu ulimpenda, Mama, hilo halina mjadala. Ulimfunga mgongoni kwa leso ukaenda naye sokoni, na yule kijana wa boda akakuchokoza, "Mathe, siku hizi umeajiri Mchina?" Ukamjibu bila kupunguza mwendo, "Ni yeye ameniajiri. Na ni mkali." Yule mama wa nyanya aliyemsalimia kwa Kichina, "ni hao", ulimsimamia mbele ya meza yake: "Ongea Kikuyu. Mtoto hasikii hiyo lugha yako." Ulimpa kila kitu ulichokuwa nacho isipokuwa jina.

Tulipokuzika mwaka jana, watoto wa ukoo walikuwa wanacheza kando ya tenti, kila mmoja akijigamba yeye ni nani. Mimi ni shosho wa Njoro. Mimi ni guka, yule babu aliyekuwa na lori. Neema akaniacha nimalize kusalimia watu, akanivuta koti.

"Baba, mimi ni nani?"

"Wewe ni Neema."

"Hapana. Mimi ni nani wa watu?"

Nikamwambia akachukue soda. Ndivyo mtu mzima hujibu akibanwa.

Mwezi uliopita afisa wa watoto alinipigia simu. Kuna msichana wa miezi kumi, kutoka upande wa Keringet, hana mtu. Je, bado tunataka mwingine? Wairimu alisema ndiyo kabla sijamaliza kumweleza. Mimi nikasema tufikirie. Sababu haikuwa nyumba, ingawa vyumba ni viwili na kimoja kimejaa viazi. Niliogopa watu watalinganisha. Neema hafanani nasi, na majirani wameshachoka kushangaa. Lakini ukiweka kando yake mdogo mwenye rangi yangu, wataanza upya: huyu tunaona ni wenu, na yule je? Niliogopa kwamba kumleta wa pili ni kumtoa wa kwanza.

Dadako, Tata Wangari, alifika kabla simu haijapoa. "Mungu ni mkubwa! Sasa dada yangu azaliwe. Huyu wa Keringet ndiye Nyokabi."

Wairimu alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Na huyu aliyekaa hapa miaka saba atakuwa nani, Tata? Mgeni?"

"Nani amesema mgeni? Ni Neema."

"Neema ni jina la hospitali."

"Lakini si mumwangalie, jamani! Nyokabi gani huyo?"

Ndipo nikakumbuka ulichonisimulia mwenyewe, tukichambua maharagwe hapo mlangoni: kwamba Nyokabi wa kwanza wa ukoo wenu hakuwa Mkikuyu. Alikuwa mtoto wa Kimaasai aliyeletwa na njaa, bado ana meno ya utotoni. Mkamlea, mkamwita kwa kule alikotoka, Nyokabi, yaani wa Wamaasai, na mkalirithi hilo jina hadi likakufikia. Ulisimulia kwa majivuno, mara mia. Hukudhani siku moja hadithi hiyo itakuja kupiga hodi ikiwa na nywele za kuteleza.

Nilimwambia Tata hivyo. Alikunywa nusu kikombe cha chai.

"Lakini Mmaasai si Mchina," akasema.

"Wakati huo alikuwa mbali zaidi, Tata. Walikuwa wanaibiana ng'ombe."

Basi nimeamua, Mama, na ruhusa siombi. Jumapili iliyopita, mbele ya Tata na chapati, tulimpa Neema jina lako. Neema Nyokabi. Makaratasi yatafuata. Wa Keringet tutamchukua, na atabeba jina la mama mzazi wa Wairimu, kwa sababu zamu ya pili ni ya huko, na foleni hairukwi kwa sababu ya sura. Watakaolinganisha walinganishe. Kama umekasirika huko uliko, kasirika, lakini umeshazaliwa, na hilo halirudi nyuma.

Neema alisikiliza yote, akafikiri. "Kwa hivyo mimi ndio mama yako?"

"Ndiyo."

"Basi usinitume maziwa."

Nimemtuma maziwa. Lakini nilimtuma kwa heshima. Nikamwita kama desturi inavyotaka: "Mama, chukua chupa." Tangu uondoke, neno hilo lilikaa mdomoni mwangu bila pa kwenda. Alipogeuka kuitikia ilibidi nijifanye natafuta kofia.

Pumzika. Nyumba yako imeamka, na haitamhesabu mtu yeyote kuwa mgeni nikiwa hai.

Ni mimi mwanao wa pekee,
ambaye sasa ana mama anayesoma gredi ya tatu.

Nusura nisahau: Jumanne tulienda kumwona huyo mdogo, sote watatu, tumevaa nguo za kanisa. Tulikaa naye saa nzima. Alikuwa amelala.