Jinsi Fomu ya Petronila Ilivyofika Posta

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Bunda
Tarehe: Jumamosi, 27 Machi 1982, saa 3:10 asubuhi
Jina: Bernado Magesa
Umri: Miaka 41
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Elimu: Darasa la sita
Kazi: Dereva wa lori, Kiwanda cha Mafuta ya Pamba Nyakesi
Makazi: Bunda mjini, kwao Kibara

Naanza kwa kusema mimi ni mtu wa bahati, na afande aandike hivyo hivyo. Kuanzia Kibara mpaka Kiabakari hakuna mwenye bahati kama yangu. Nimeendesha magari miaka kumi na nane, nimefika Nairobi, Kampala, mpaka Kigali. Mwaka 1977 lori lilipinduka na mimi pale Kiabakari, likalala matairi juu, nikatokea dirishani sigara yangu bado inawaka. Vitu vizuri vinanifuata vyenyewe, mimi sivitafuti. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa bahasha hii inayowasumbua.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Mzee Keraryo, tarishi wa kiwanda chetu, ana siku mbili mahabusu hapa. Anasemwa ameiba fomu ya Chuo Kikuu kutoka kabati la ofisi. Hakuiba.

Fomu ni ya Petronila Robi, miaka 29, mpimaji wa mafuta katika maabara ya kiwanda. Yeye aliishia kidato cha nne, akaingia kazini. Mwaka huu ameomba Chuo Kikuu kwa ule mlango wa watu wazima walioko kazini, ambao wana mtihani wao peke yao. Mnamo Januari nilimpeleka Mwanza kuufanya, ndani ya lori, nyuma tumepakia mashudu. Mimi huwaga nasimulia njia nzima. Tulipofika Lamadi akaniambia, "Kaka Bernado, nihurumie, nyamaza mpaka Magu." Nikanyamaza mpaka Magu. Mke wangu hajaamini mpaka leo.

Petronila alifaulu. Barua ikaja kwamba nafasi ni yake endapo mwajiri atajaza fomu ya kumpendekeza na kumruhusu, nayo ifike Dar es Salaam kabla ya tarehe 31 Machi. Jumatatu tarehe 8 mwezi huu meneja akaijaza, akatia sahihi na mhuri. Mhuri niliuona kwa macho yangu. Ikabaki kazi ndogo ya ofisa utumishi, Ndugu Wenceslaus, kuitia kwenye bahasha na kuipeleka posta. Kuitia kwenye bahasha aliitia. Kisha akaifungia kabatini.

Petronila alipouliza mara ya kwanza aliambiwa ofisi haina stempu. Siku hizi hakuna sukari, hakuna sabuni, kwa hiyo akaamini hata stempu zimekwisha. Akanunua zake, akampelekea. Mara ya pili akaambiwa kitabu cha kuorodheshea barua kimejaa, tusubiri kipya kutoka Mwanza.

Jumatatu tarehe 22, saa 6:15 mchana, nilikuwa ofisini kwa Ndugu Wenceslaus kufuata kibali cha dizeli. Petronila akaingia mara ya tatu, amevaa koti lake jeupe la maabara. Ndugu Wenceslaus akamwambia, "Dada, wewe una watoto wawili. Nafasi za Chuo Kikuu ni za kuhesabu, mkoa mzima mwaka jana walipita wangapi? Waachie wanaume. Halafu mafuta hapa atapima nani?"

Petronila akamjibu, "Utapima wewe, ndugu. Nitakuachia daftari."

Nikacheka. Ndugu Wenceslaus akanigeukia, "Wewe wa darasa la sita unacheka nini?"

Nikamwambia, "Nacheka kwa sababu mimi wa darasa la sita nimeuona mhuri wa meneja, wewe wa diploma hujauona."

Petronila hakulia. Alirudi maabara, na nilipopita dirishani nilimwona anaosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Mnamo Jumatano tarehe 24, saa 12:30 asubuhi, nilipanda lori kwenda Musoma na mapipa ishirini ya mafuta. Kwa bahati yangu ile ile niliyoisema, nikakuta bahasha kwenye kiti cha abiria, imefungwa, imeandikwa Chuo Kikuu. Mwananchi mwema akiokota barua anaipeleka posta. Nilifika posta ya Musoma saa 4:05 asubuhi, nikaituma kwa rejista. Risiti hii hapa, naikabidhi.

Afande ameniuliza bahasha ilifikaje kwenye kiti. Nimejibu sijui. Ameniuliza kama bahasha ina miguu. Nimemjibu siku hizi hata sabuni ina miguu, asubuhi iko dukani kwetu, jioni iko Kenya. Afande hakucheka.

Afande amesema kufuli la kabati halikuvunjwa, na funguo ziko mbili tu: ya Ndugu Wenceslaus, na ya Mzee Keraryo ambaye hufungua asubuhi kupanga mafaili. Kwa hiyo hata kama mimi niliokota, aliyeitoa bado ni Keraryo. Nimesema hilo dereva hawezi kulijua.

Nimesomewa, nimesikia, na sina la kuongeza.

(Sahihi) B. Magesa

Yameandikwa na mimi, D. 4471 Koplo Eliasi. Shahidi ameruhusiwa kuondoka saa 4:20 asubuhi.

NYONGEZA, saa 5:05 asubuhi

Shahidi amerudi, anataka kuongeza. Nimemwonya kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema linaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Amejibu, "Wewe andika tu." Maelezo yake ni haya:

Nilipotoka nje nilimkuta Mzee Keraryo anafagia uwanja wa kituo. Mkanda wamemvua, mkono mmoja ameshika fagio, mwingine ameshika suruali. Akaniuliza, "Bernado, lori liko salama?" Nikamwambia liko salama. Akasema, "Basi pita kwangu. Mwambie Ghati nimetumwa Musoma na barua za kiwanda. Asijue niko huku." Nikatembea mpaka sokoni. Kwake ni hatua chache kutoka pale, nikashindwa kwenda kwa mkewe. Mimi ambaye sijawahi kukosa la kumwambia mtu.

Mzee yule amebeba barua miaka kumi na tisa na hajui kusoma hata moja. Angeiiba ili iweje?

Haya, andika. Jumanne tarehe 23, saa 7:20 mchana, watu wamekwenda kula, niliingia ofisi ya utumishi na bisibisi. Kufuli sikuligusa. Nilifungua skrubu za bawaba, mlango ukafunguka upande ambao haufungukagi, nikachukua bahasha, nikaurudisha. Skrubu moja ilinidondoka ikaingia chini ya kabati, nikaweka ya dashibodi ya lori. Iko bawaba ya chini, tundu la tatu, nyeusi, wenzake ni nyeupe. Nendeni sasa hivi mkaione, na Ndugu Wenceslaus awepo.

Keraryo hakujua. Petronila hakujua. Nilipomwonyesha risiti alidhani ofisi imemwonea huruma.

Nina watoto sita na najua lori atapewa mtu mwingine. Ndiyo maana mwanzo nilificha ukweli. Lakini kujuta sijuti, na usiandike kwamba najuta. Ile fomu ilikuwa na mhuri, ilikuwa yake, na aliyeifungia hajalala mahabusu hata usiku mmoja. Barua imekwenda kwa rejista. Hata mkinifunga miaka mitatu, haitarudi Bunda.

Mfungulieni mzee aende mwenyewe kwa Ghati.

Na yale ya bahati niliyoanza nayo ni uongo. Sina bahati yoyote. Sikuokota kitu. Niliiba.

(Sahihi) B. Magesa
Mbele yangu: D. 4471 Koplo Eliasi